Ubishi Ugeuke Swali: Mwongozo Kamili wa Kuwalea Vijana Waheshimu Dini za Wenzao

Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana juu ya Kurani. Mmoja alikuwa Mwislamu, mwenzake Mkristo. Walibishania nini kingempata mtu atakayeunajisi msahafu, na katika kutaka kuonyesha nani mkweli, yule Mkristo akaukojolea. Baada ya siku chache umati ulijaa kituo cha polisi ukidai mtoto, mabomu ya machozi yakapigwa, na makanisa kadhaa ya maeneo yale yakavunjwa na kutiwa moto.

Nimekaa na vijana wa mtaani miaka mingi, na kisa hiki hakijanitoka. Kinaniuma kwa sababu mwanzo wake hauna chuki ndani yake. Una watoto wawili waliozoeana kiasi cha kubishana, kila mmoja ana hamu ya kujua. Walichokosa ni mtu mzima wa kuwafundisha namna ya kuuliza juu ya kitu ambacho mwenzako anakitukuza. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya mtu mzima huyo: mwalimu, mlezi wa klabu, ustadhi wa madrasa, mwalimu wa kwaya, au mzazi anayeona uwanja wake umejaa watoto wa kila dini.

Shule zetu za serikali hufanya jambo moja zuri lenye upungufu ndani yake. Ukifika muda wa kipindi cha dini, darasa hugawanyika: Waislamu huku, Wakatoliki kule, Walutheri na wengine pengine. Kila mmoja anafundishwa dini yake, na hiyo ni haki yake. Lakini kijana anaweza kumaliza shule ya msingi na ya sekondari akikaa dawati moja na mwenzake bila kujua hata siku moja mwenzake alifundishwa nini katika kipindi kile. Pengo hilo hujazwa na mitaa, klipu za simu na dhana.

Programu ninayoielezea huchukua wiki kumi hadi kumi na mbili, saa mbili kila wiki, kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Wasizidi ishirini. Wakiwa arobaini utapata mkutano wa hadhara, na wenye haya hawatasema neno.

Kabla hujamwita kijana hata mmoja

Nenda kwa wazazi. Usitume ujumbe wa simu, nenda kwa miguu. Hofu ya mzazi ni moja tu, na ana haki nayo: kwamba mtoto wake atabadilishwa dini. Mimi huwaambia hivi: "Sifundishi dini. Dini atafundishwa na nyinyi na viongozi wenu. Mimi nataka ajue jirani yake anaamini nini, ili asimkosee bila kujua." Kisha waonyeshe orodha ya mahali mtakapotembelea na uombe ridhaa kwa maandishi. Mzazi akikubali mazungumzo lakini akamkataza mtoto kuingia msikitini au kanisani, mkubalie papo hapo. Kijana huyo atashiriki mengine yote na siku ya ziara atakaa nyumbani bila kusemwa. Ukimlazimisha mzazi mmoja, habari itafika kwa kumi.

Baada ya wazazi, nenda kwa imamu, padri na mchungaji wa eneo lako, na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Usiwaombe waje kuhubiri. Waombe wawe tayari kupokea wageni wadogo na kujibu maswali yao.

Tafuta pia mlezi mwenza wa dini tofauti na yako. Kwa hili sina mjadala. Kama wewe ni Mlutheri na mwenzako ni Mwislamu, vijana watajifunza kwa kuwaona tu mnavyosikilizana, mnavyongojana wakati wa sala, mnavyotofautiana bila kupandishiana sauti. Nimewahi kuendesha kundi peke yangu, na nusu ya vijana walingoja siku nyingi sana waone ninaegemea wapi.

Soma katiba ya nchi yako kidogo. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema katika ibara ya 8 kwamba hakuna dini ya taifa, na ibara ya 32 inalinda uhuru wa dhamiri na dini. Kijana atakapouliza "nani ameruhusu hawa wawepo?", na kuna siku atauliza, utakuwa na jibu lisilotoka mfukoni mwako.

Hatua ya kwanza: msianze na "dini zote ni sawa"

Nilianza vibaya. Kikao changu cha kwanza kabisa niliwaambia vijana kwamba dini zote ni sawa, Mungu ni mmoja, tofauti ni njia tu. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Kama ni sawa, mbona dada alifukuzwa nyumbani alipobadili?" Nilikosa la kusema. Tangu siku hiyo sisemi tena maneno yale.

Kwa Mwislamu, Isa mwana wa Maryamu ni nabii mtukufu, na sura ya 19 ya Kurani ina jina la mama yake. Kwa Mkristo, Yesu ni Mwana wa Mungu aliyesulubiwa akafufuka, jambo ambalo Uislamu unalikana. Hapa pana tofauti ya kweli, na imebeba uzito wa maisha ya watu. Kijana akiambiwa ni kitu kimoja anajua anadanganywa, na shehe na mchungaji wake wote wawili watakuona unachanganya watoto. Heshima ninayoitafuta ni kijana Mkristo aweze kueleza Waislamu wanaamini nini juu ya Isa, na rafiki yake Mwislamu aliyekaa pembeni aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo." Kisha wabadilishane. Hicho ndicho kipimo changu cha programu nzima.

Kwa hiyo siku ya kwanza tunaweka kanuni chache tu. Kila mtu anaisemea dini yake, kwa neno "kwetu". "Kwetu tunafunga hivi" inaruhusiwa; "nyie mnaabudu hivi" hairuhusiwi, labda iwe swali. Yeyote anaweza kusema "napita" asijibu, wala haulizwi sababu. Hakuna kumwalika mwenzako ahamie kwako ndani ya kikao. Na kitabu kitakatifu chochote kikiletwa, anakishika mwenyewe aliyekileta, kwa adabu ya dini yake. Wengine hawakigusi mpaka waruhusiwe.

Hatua ya pili: anzeni nyumbani kwenu

Mpe kila kijana karatasi achore mti wa ukoo wake kadiri anavyoujua: babu, bibi, wajomba, mashangazi, mama wadogo. Mbele ya kila jina aandike dini, kama inajulikana. Awaulize wazazi wiki hiyo yote.

Katika kundi lolote la pwani ya Tanzania, na bara pia, karatasi zitarudi zimechanganyika. Kwetu mjomba ni katekista na baba mkubwa amefundisha madrasa maisha yake yote. Yupo kijana atakayegundua kwamba bibi mzaa mama alibatizwa akiwa mkubwa, au kwamba babu alisilimu alipooa. Waulize pia majina. Rehema, Baraka, Imani, Neema, Amani: ukiyasikia majina haya bila la baba, huwezi kujua mwenyewe anaelekea wapi Ijumaa au Jumapili.

Hapa ndipo watakapojitokeza wale wanaosahaulika. Kuna kijana ambaye babu yake hufanya tambiko na kuwaita wahenga, na amezoea kulificha jambo hilo kwa sababu shuleni linaitwa ushirikina au ushenzi. Mpe nafasi kama ya wengine. Makaya ya Wamijikenda, ile misitu mitakatifu ya pwani ya Kenya, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Si jambo la kuonewa haya. Kuna Mhindu, Singasinga, Mbaha'i. Kuna kijana mmoja, mara nyingi mkimya sana, ambaye kwao hawana dini au yeye mwenyewe hajui anaamini nini. "Kwetu" yake nayo ni "kwetu".

Waonyeshe vilevile kwamba dini moja ina nyumba nyingi. Mwislamu anaweza kuwa Sunni, Shia Ithnaasheri, Ismailia, Bohora au Ibadhi. Mkristo anaweza kuwa Mkatoliki, Mwanglikana, Mlutheri, Msabato, Mpentekoste. Kijana akisema "Wakristo wanasali Jumapili", Msabato aliyepo atamsahihisha kabla hujafungua kinywa.

Hatua ya tatu: daftari la maneno

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na nakuomba uipe wiki mbili hata tatu. Kiswahili kimezibeba dini hizi mgongoni kwa muda mrefu. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yanataja mwaka sawa na 1107. Wamisionari kama Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na wa Bagamoyo walioanza misheni yao mwaka 1868, walikuta lugha yenye maneno ya ibada tayari, wakayatumia. Ndiyo maana Mkristo wa Songea na Mwislamu wa Pangani wote wanasema malaika, shetani, dhambi, toba, nabii, sadaka, baraka, imani.

Chukueni daftari moja kubwa. Kila ukurasa neno moja, na chini yake safu kwa kila dini iliyomo kundini. Kila safu ijazwe na mwenye dini yake. Mfano wa yaliyojitokeza kwetu:

- Mtume. Mwislamu akisema "Mtume" bila jina, anamaanisha Muhammad (S.A.W.). Mkristo akisema "mitume", anawafikiria Petro na wenzake. Vijana wawili wanaweza kubishana nusu saa nzima, kila mmoja akimzungumzia mtu mwingine.
- Injili. Kwa Mkristo ni habari njema ya Yesu, na vile vitabu vinne vya Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Kwa Mwislamu ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa.
- Roho Mtakatifu. Wakristo wengi humkiri kuwa Mungu, nafsi ya tatu ya Utatu. Waislamu wengi hulielewa jina hilo kuwa ni malaika Jibrili.
- Sadaka. Kanisani ni matoleo ya ibada, na Mkatoliki atakuambia hata misa yenyewe ni sadaka. Msikitini ni msaada wa hiari kwa mwenye shida, tofauti na zaka, ambayo ni wajibu wenye kiwango.
- Kusali na kuswali. Herufi moja tu imezidi, lakini watu wa pwani wanajua mara moja nani anazungumza. Kijana Mkristo akijifunza kumuuliza mwenzake "umeshaswali?", amemheshimu bila kutoa hotuba.

Mkishamaliza maneno yanayotumiwa na wote, fungueni ukurasa wa maneno yanayoumiza. Hapa ukae imara. Kafiri, wagalatia, kobazi, mlokole kwa sauti ya kebehi, waabudu sanamu, washenzi. Vijana wanayajua yote na wanayatumia wakicheza mpira. Mwulize aliyeitwa hivyo alijisikiaje, na umwachie muda wa kujibu. Kijana mmoja wa Kihindu alitueleza kwamba sura za ibada hekaluni kwao huitwa murti, na kwamba kila aliposikia "sanamu" alihisi watu wanamwona bibi yake mjinga. Tangu hapo hakuna aliyetumia neno lile mbele yake, wala sikuhitaji kukataza.

Hatua ya nne: namna ya kuuliza

Ubishi na swali vinaweza kubeba jambo lile lile. Wape vijana sentensi za ubishi wanazozisikia mtaani, wazigeuze mbili mbili. "Mungu atakuwaje na mtoto?" igeuke: "Mkisema Yesu ni Mwana wa Mungu, mnamaanisha nini?" "Mbona mnamwabudu Maria?" igeuke: "Mkatoliki anaposali rozari, anamwomba Maria afanye nini?" "Kwa nini mnawafunika wanawake?" igeuke: "Hijabu ina maana gani kwako wewe unayeivaa?" Swali la mwisho liulizwe kwa anayevaa, asijibiwe na mvulana wa dini yake kwa niaba.

Swali zuri haliwi na jibu ndani yake. Nalirudia hili kila kikao, maana vijana wetu wamekulia katika mihadhara ya viwanjani ambako mtu anafungua kitabu cha mwenzake ili amshinde. Wanaiga. Anayetaka kusoma kitabu cha dini nyingine akisome pamoja na mwenye kitabu hicho.

Kuna ubishi mmoja ambao haugeuki kuwa swali zuri, nao ni "sisi ndio wengi". Kwa Tanzania, ufunge kwa ukweli: sensa ya nchi haijauliza watu dini yao tangu ile ya mwaka 1967. Anayetaja asilimia kwa uhakika anatoa makisio.

Hatua ya tano: ziara

Ziara moja iliyoandaliwa vizuri inafanya kazi ya vikao vitano. Iliyoandaliwa ovyo inaacha kidonda.

Fika wewe kwanza peke yako, wiki moja kabla. Uliza wageni wavae nini, waingilie mlango upi, wasichana wakae wapi, picha zinaruhusiwa au la. Uliza pia kuhusu wasichana walio katika hedhi, kwa sababu baadhi ya misikiti na mahekalu yana utaratibu wake. Kisha mlezi wa kike awaambie wasichana wote faraghani, mapema, ili atakayebaki nje asitazamwe na kila mtu.

Msikitini, epukeni Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana. Wakati mzuri ni baada ya sala ya alasiri, imamu akiwa na nafasi. Viatu vinavuliwa, mabega na magoti yanafunikwa, wasichana wanabeba mtandio. Msipite mbele ya mtu anayeswali. Mwombe imamu awaonyeshe namna ya kuchukua udhu. Vijana hupenda sana kuona, na maswali huanzia pale kwenye maji.

Kanisani, Jumamosi jioni wakati wa mazoezi ya kwaya ni muda mzuri. Kwa Wasabato chagueni siku nyingine. Kofia kwa wavulana zinavuliwa, na hapa mweleze mapema kijana Mwislamu mwenye kofia yake ya kiua ili lisimshtue mlangoni. Msikaribie altare bila kuitwa. Mkihudhuria misa ya Kikatoliki, wageni wasipange foleni ya ekaristi: hiyo ni ya Mkatoliki aliyejiandaa, na kubaki umekaa si utovu wa adabu. Hakuna kijana anayetakiwa kupiga goti, kuimba, kufanya ishara ya msalaba au kusema "amina" asiyoimaanisha. Anatakiwa kukaa kimya kwa heshima, basi.

Hekaluni, viatu vinabaki nje. Jioni kuna arati, ibada ya taa, na baadaye mgeni anaweza kupewa prasad, chakula kilichokwisha kutolewa kwa ibada. Kijana ambaye imani yake haimruhusu kukila aseme asante kwa mkono kifuani, asikikunjie uso.

Mahali pa kwenda pako karibu kuliko unavyodhani. Katikati ya Dar es Salaam, mahekalu ya Kisutu, misikiti, Kanisa la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu vinafikika kwa miguu asubuhi moja. Bagamoyo mna magofu ya msikiti wa Kaole na misheni ya Wakatoliki. Mombasa mna hekalu la Wajaini, wafuasi wa dini iliyotoka India, katikati ya misikiti ya mji wa kale na makanisa. Mji Mkongwe wa Unguja, lile kanisa la Waanglikana la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873 juu ya uwanja wa soko la watumwa lililokuwa limefungwa mwaka huo huo. Ukiwapeleka pale, usikimbilie usanifu wa jengo. Waache wasimame kwanza pale walipouzwa watu.

Mkirudi, msifanye tathmini siku ile ile. Kijana aandike mambo mawili: lililomgusa na lililomtatiza. La pili lipelekwe kwa mwenyeji kama swali, kikao kijacho.

Hatua ya sita: sufuria na mwezi

Mkienda kambi au mkipika pamoja, chakula kitawapima. Tusilichukulie jambo hili kwa wepesi. Mwaka 2013 mgogoro wa nani achinje, huko Buseresere mkoani Geita, ulitoa uhai wa mchungaji.

Waislamu wengi hawali nyama isiyochinjwa kwa taratibu zao, wala hawapikiwi katika sufuria iliyopika kitimoto, yaani nguruwe. Msabato hali nguruwe, wala samaki asiye na magamba kama kambale. Mkatoliki huacha nyama siku za Ijumaa za Kwaresima. Wahindu wengi, na Wajaini, hawali nyama kabisa. Wali, maharage ya nazi na mchicha vinawalisha wote hawa sahani moja, na ukitaka kitoweo, ongeza sato pembeni katika chombo chake. Mkichinja, achinje Mwislamu na kila mtu ajue ni nani. Kuazima masufuria kutoka kwa mama lishe ambaye hapiki nguruwe ni gharama ndogo kuliko kijana kulala na njaa kwa mashaka.

Wakati wa kufunga ni darasa la bure. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja: Ramadhani mwanzoni mwa Machi, Jumatano ya Majivu tarehe 5. Vijana waliona wenzao wakifunga kwa namna mbili, mmoja hanywi hata maji mpaka magharibi, mwingine ameacha nyama au sukari. Waeleze pia sababu ya tarehe kuhama. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi na ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Pasaka nayo hufuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake. Tuliwahi kutoka nje jioni, kundi zima, kuutafuta mwezi mwandamo upande wa magharibi. Aliyeuona kwanza alikuwa mtoto wa mchungaji, akapiga kelele za furaha kwa ajili ya rafiki zake.

Mkialikwa futari, asiyefunga asianze kula kabla ya adhana. Hilo tu.

Msiba

Kijana atakutana na msiba wa dini nyingine mapema kuliko harusi, kwa hiyo mfundishe. Waislamu huzika haraka, mara nyingi siku ile ile: maiti huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa. Rafiki Mkristo anayengoja "Jumamosi ili niombe ruhusa" atakuta kaburi limekwisha fukiwa. Wanawake kwa kawaida hubaki nyumbani. Kwa Wakristo mwili unaweza kukaa mochwari siku kadhaa ukingoja ndugu, kisha ikawepo ibada na heshima za mwisho. Kijana Mwislamu ambaye wazazi hawamruhusu kuingia kanisani anaweza kusimama nje uani, akasaidia kupanga viti na kubeba maji, na hakuna mfiwa atakayesahau kwamba alikuwepo. Ukiwa huna uhakika wa jambo, mwulize mtu mzima wa familia kwa sauti ya chini.

Simu

Klipu za kukashifu huingia kwenye makundi ya WhatsApp usiku na asubuhi zimefika mbali. Nimewapa vijana kipimo kimoja: je, ungeicheza klipu hii ukiwa umeketi sebuleni kwa mama wa rafiki yako wa dini ile? Kama hapana, usisambaze, hata kwa kuonyesha ubaya wake. Na mara nyingi kipande kimekatwa. Mtafute mwenye dini umuulize kilichosemwa kabla na baada.

Watakuuliza pia juu ya mapenzi na ndoa. Usiwakwepe. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali kwa watu wa dini tofauti, lakini misikiti na makanisa yana masharti yake, na familia zina uchungu wake. Kijana mwenye swali la kubadili dini mwelekeze kwa wazazi na kwa viongozi wa pande zote mbili. Wewe usimvute wala usimzuie.

Kosa likitokea

Litatokea. Kitabu kitachanwa, mtu atatukanwa, msalaba utavunjwa. Saa ya kwanza ndiyo yenye uzito wote, kwa hiyo panga mapema nani atafanya nini.

Kwanza watenganishe watoto, kila mmoja akae na mtu mzima anayemwamini, na usiwahoji mbele ya umati. Chukua kitu kilichoharibiwa ukihifadhi kwa heshima. Kama ni msahafu, mwombe Mwislamu akichukue yeye. Zuia picha: mwambie kila mwenye simu aiweke mfukoni. Kisha piga simu kwa wazazi wa pande zote mbili ndani ya saa hiyo, uwaambie kilichotokea kwa maneno yale yale, bila kuongeza. Wapigie imamu na mchungaji wafike pamoja, mlango mmoja, watu wawaone wamesimama bega kwa bega. Kama watu wanaanza kukusanyika, mwite mwenyekiti wa mtaa na polisi. Kukashifu dini ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, lakini mtoto ni mtoto, na njia yake ni ya ulinzi na sheria, kamwe si ya umati.

Aliyekosea aombe radhi baadaye, akiwa ametulia na ameelewa alichokigusa. Radhi ya kulazimishwa saa ile ile humwachia kinyongo.

Namba za watu hao wote, imamu, padri, mchungaji, mwenyekiti, wazazi wawili wawili, ziandikwe ukurasa wa mwisho wa lile daftari la maneno. Ziandikwe na vijana wenyewe, na kila mmoja abaki na nakala yake nyumbani.